K ya Nne

Somo: Luka 2:41–52



Kila mzazi wa Mkuyuni ampelekapo mtoto wake darasa la kwanza, hutazamia apate zile K tatu: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Ni haki yake kutazamia hivyo. Sisi tuliovuta vumbi la chaki miaka mingi twaijua furaha ya mtoto asomapo jina lake ubaoni kwa mara ya kwanza. Lakini Mtume Paulo alipoeleza tunda la Roho katika Wagalatia 5:22–23, alimalizia kwa K nyingine, nayo ni Kiasi. Hiyo ndiyo nguvu ya mtu kuitawala nafsi yake, asichukuliwe na hasira, wivu au woga kama mtumbwi uliokatika kamba. K hii nayo hufundishwa. Mtoto hazaliwi nayo, kama vile hazaliwi akizijua a, e, i, o, u.

Hebu tumtazame Bwana wetu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, umri wa watoto wetu wanaokaribia kumaliza shule ya msingi. Wazazi wake walitoka Yerusalemu baada ya Pasaka, wakaenda mwendo wa siku moja wakidhani yumo katika msafara. Hayumo. Wakarudi kumtafuta, na baada ya siku tatu wakamwona hekaluni. Mzazi yeyote aliyepotewa na mtoto, hata kwa saa moja tu pale sokoni, anaijua hali waliyokuwa nayo.

Sasa tuangalie mambo matatu. Kwanza, wale walimu wa hekaluni walimwacha mtoto aketi katikati yao, asikilize na kuuliza. Hawakumwambia kwamba mtoto hana neno mbele ya wakubwa. Pili, Mariamu alipomwona alianza kwa kuuliza sababu, kisha akamweleza jinsi yeye na baba yake walivyomtafuta kwa huzuni. Mama huyu aliitaja huzuni yake kwa jina lake, wala hakuificha ndani ya matusi. Tatu, mtoto alijibu, na ingawa wazazi hawakulielewa jibu lake, walilisikia mpaka mwisho. Ndipo Luka asemapo kwamba alishuka nao mpaka Nazareti akawatii, akazidi kukua katika hekima na kimo, akipendwa na Mungu na wanadamu. Kama Mwana wa Mungu mwenyewe alikua katika kuishi na watu, je, watoto wetu wataipata hekima hiyo bila kufundishwa?

Twajua wako watakaosema, "Mithali husifu fimbo." Ni kweli fimbo imetajwa humo. Lakini Mithali hiyo hiyo, 16:32, humweka mtu aitawalaye roho yake juu ya shujaa atekaye mji, na Waefeso 6:4 huwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakakasirika. Sheria za nchi nazo zimeiwekea fimbo mipaka. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko shuleni visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe katika daftari. Ilhali uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu vijana watatu kati ya kila wanne walikuwa wamepatwa na ukatili wa kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto aliyepigwa hunyamaza, na sisi hudhani ametulia. Kunyamaza si kutulia. Hasira aliyoimeza asubuhi darasani, jioni humtapikia mdogo wake.

Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wametuonyesha kwamba njia nyingine ipo. Katika wilaya ya Luwero, nchini Uganda, shule 42 za msingi ziligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifuata mpango wa shirika la Raising Voices, ambao huwashirikisha walimu, wanafunzi na wazazi katika kujenga heshima na nidhamu isiyo ya mapigo; kundi la pili likangojea zamu yake. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika zile shule zilizofuata mpango, hatari ya mtoto kupigwa na watumishi wa shule ilipungua kwa asilimia 42. Wala masomo hayakurudi nyuma.

Basi tufanye nini sisi wa parokia hii? Tuanze kwa kuwapa watoto majina ya yaliyomo moyoni. Mtoto asiyejua tofauti ya wivu, aibu na woga huviita vyote hasira, na dawa yake huwa ngumi. Kisha tuulize kabla ya kuhukumu. Yule anayechelewa namba shuleni huenda amemsaidia mama kuanika dagaa tangu alfajiri. Mwisho, mkosaji atengeneze alichoharibu. Aliyechana daftari la mwenzake na alibandike, amwandikie upya kazi iliyopotea, na amwombe radhi akimtazama usoni. Adhabu hiyo ni ndefu kuliko viboko viwili, na humfundisha kwamba mwenzake naye huumia.

Kazi hii si ya mwalimu peke yake, mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni. Wazee wetu wa Usukumani walifundisha vijana pale shikome, penye moto wa jioni, na watoto walijifunza kungojea zamu kwa kula pamoja katika chombo kimoja. Leo moto huo umezimika katika nyumba nyingi, lakini meza ya chakula ipo, na Shule ya Jumapili ipo. Tena kila mtoto aliyebatizwa kanisani petu ana wasimamizi walioahidi mbele ya Mungu na mbele yetu sote kumlea katika imani. Wasimamizi, je, mwajua mtoto wenu wa ubatizo huogopa nini?

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Lakini mvuvi wa hapa ziwani anajua kwamba samaki mbichi hukunjwa kwa mkono mpole. Ukimkunja kwa pupa huvunjika. Juma hili, kabla ya kuinua mkono au sauti, kila mmoja wetu amwulize mtoto swali moja, kisha angoje jibu.

Mungu aliyemlea Mwanawe katika nyumba ya Nazareti atupe subira hiyo, katika Kristo Bwana wetu. Amina.