Nipe Mji

Mwaka jana nilikutana na tangazo la jarida moja la nje: walitaka insha binafsi kuhusu michezo na mafumbo, malipo dola 200. Jamani, kwa mwandishi wa habari anayedai mshahara wa miezi miwili, hiyo ni kodi ya nyumba. Nikaandika kuhusu bibi yangu na vitendawili vyake.

Mchezo wenyewe mnaujua. "Kitendawili!" "Tega!" Anatega, mnabahatisha, mkishindwa anadai mji. Tulimpa Tanga, akakataa. Tukampa Mombasa, akasema hakuna jipya huko. Tukimpa Unguja ndipo anaridhika na kutoa jibu: yai. Miji haikuwa yetu, wala yeye hakuhamia popote. Lakini bila mji, jibu halitoki.

Mhariri aliipenda insha ila akaona haina uchungu. Bibi alifariki vipi? Nikamgusia jioni moja ya mwisho: bibi alitega kitendawili, kisha likatokea jambo ambalo aliniomba nisimwambie mtu. Akajibu upesi: hilo ndilo la kuandika.

Sioni ubaya wa kulipwa. Kuandika ni kazi kama kushona, na wengi wanaosema sanaa haina bei ni wale wanaotaka tuwaandikie bure. Ujinga wangu pale mkekani, ubishi wangu, hasira zangu za kushindwa, hivyo ni vyangu na naviuza. Tatizo ni kwamba mchezo tulicheza wawili, na hela inakuja kwa mmoja.

Nilipomweleza mama, aliuliza tu: "Na bibi yako umempa mji gani?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Nilijitetea kwamba marehemu haumii, na wasomaji wa mbali hawamjui. Ila hoja hizo zinaonyesha tu kwamba hawezi kunizuia. Hazionyeshi kwamba ameniruhusu. Katika kitendawili, jibu ni la aliyetega mpaka aridhike na mji aliopewa. Na bibi hayupo tena wa kuridhika.

Nikarudisha insha bila jioni ile. Haikuchapishwa. Kodi nililipa kwa kukopa, na deni bado nalimalizia. Kuna siku najiona mjinga, hasa mwisho wa mwezi.

Hata hapa sitaisimulia jioni hiyo. Wala msihangaike kunipa mji. Jibu si langu.