Nyuma Yako Kuna Aliyechoka

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.



Jumatatu moja ya Novemba niliswali Adhuhuri nikiwa na kiti nyuma yangu. Kusimama niliweza. Kurukuu na kusujudu nilifanya kwa ishara nikiwa nimekaa, kwa sababu magoti yalikataa kukunjika. Siku moja kabla nilikuwa nimekimbia marathon ya Kampala, kilomita 42 na mita 195, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Hadithi ya Imran bin Huswayn (R.A.) tumeisoma darasani: mtu aswali amesimama, asipoweza aswali amekaa, asipoweza aswali kwa ubavu. Sikufikiri kwamba ningeihitaji mimi, kijana wa miaka 22, tena kwa jambo nililojitakia mwenyewe.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa nimejipangia kukimbia kila kilomita kwa dakika sita na nusu. Kwa mwendo huo ningemaliza kwa saa nne na dakika 34 hivi. Tulianzia Kololo, asubuhi ina ubaridi, watu ni wengi, ngoma zinapigwa, na miguu ikawa myepesi kama si yangu. Walionizunguka walikwenda kasi, nami nikaona aibu kuachwa. Nusu ya kwanza niliimaliza kwa saa moja na dakika 56, yaani dakika 21 mbele ya mpango wangu. Nikajiambia kwamba hiyo ni akiba.

Haikuwa akiba. Mwili huhifadhi sukari kwenye misuli na kwenye ini, na kwa wengi wetu hiyo haitoshi kufika mwisho wa marathon. Ukienda kwa kiasi, mwili hutumia mafuta zaidi na sukari hudumu. Ukienda kwa pupa, sukari huteketea mapema, na karibu na kilomita ya 30 miguu hugeuka magogo. Wakimbiaji wanasema mtu amegonga ukuta. Mimi niliugonga kwenye mlima, na Kampala ina milima ya kutosha. Nilitembea, nikajikokota, nikatembea tena. Nilimaliza kwa saa nne na dakika 54. Dakika 21 nilizojiona nimechuma nilizilipa zote, na juu yake nikalipa 20 nyingine. Wahenga walishasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hata mabingwa yamewapata. Machi 2017, hapo hapo Kololo, yalifanyika mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa aliongoza mbele ya watu wa nchi yake, wote wakimshangilia, na mzunguko wa mwisho ukamkuta hana kitu. Akayumba, akapitwa na mmoja, kisha na wengi, akamaliza wa 30. Mwaka 2019, kule Aarhus nchini Denmark, alishinda mashindano hayo hayo. Mwaka 2020 akavunja rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000. Hakushindwa Kololo kwa kukosa nguvu. Nguvu alikuwa nazo, ila ziliisha kabla ya mstari.

Ndugu zangu, kama mambo yangeishia hapo, ningewaandikia kuhusu kiasi katika ibada na kumaliza. Lakini Jumatatu ile, baada ya Adhuhuri, mlango wa chumba changu ulibishwa hodi.

Alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza anayekaa chumba cha tatu kutoka changu. Ameshika bakuli la uji na chapati mbili. Alinisikia nikigugumia kwa maumivu kwenye ngazi, nikishuka kinyumenyume nimeshika ukuta. Akasema, "Pole kaka. Kula kwanza, maji ya kuoga nitakuletea."

Niliona haya. Kijana huyu alikuja chuoni mwanzoni mwa muhula akiwa na moto. Ijumaa yake ya kwanza alijiandikisha kwenye darsa ninayoisimamia. Nami nikafurahi, nikampangia ratiba kwa mkono wangu: kufunga kila Jumatatu na Alhamisi, tahajudi kila usiku, kuhifadhi ukurasa mmoja wa Qur'ani kwa siku, na darsa mara tatu kwa wiki baada ya Isha. Huyu ni mtu aliyekuwa akisoma Qur'ani kwa kusitasita, na ambaye hakuwahi kufunga nje ya Ramadhani. Wiki mbili alikwenda nayo. Wiki ya tatu akaanza kulala darasani. Wiki ya nne akaacha tahajudi, kisha akaacha kuhifadhi, kisha akaacha darsa, na mwisho hata Ijumaa nikawa simwoni. Nilipokutana naye njiani nilimwambia mbele ya wenzake kwamba imani yake imepungua, na kwamba ajichunguze asije akawa na dalili za unafiki.

Nikamwomba akae. Nilipomaliza uji nikamwuliza mbona ananihudumia baada ya yale niliyomwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, wewe umechoka siku moja, hosteli nzima imekuja kukupa pole. Mimi nilichoka mwezi mzima, nikaambiwa ni mnafiki."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ningepata la kujibu.

Usiku ule sikulala, si kwa maumivu ya miguu tu. Nilikumbuka Hadithi ambayo nimeifundisha mimi mwenyewe kwa ulimi, iliyopokewa na Jabir (R.A.) na iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alitoka kwenye kazi yake usiku umeingia, na ngamia wake wawili wa kubebea maji. Akamkuta Muadh bin Jabal (R.A.) anaswalisha, akajiunga. Muadh akaanza kusoma Suratul Baqara. Yule mtu aliyechoka akajitoa katika jamaa. Baadaye habari ikamfikia kwamba Muadh amemwita mnafiki, naye akaenda kushitaki kwa Mtume (S.A.W.).

Sasa angalia nani aliyekemewa. Muadh ni miongoni mwa Maswahaba wenye elimu kubwa, na alichokisoma ni Qur'ani tukufu. Lakini Mtume (S.A.W.) alimkemea yeye, akamwuliza kama anataka kuwa mtu wa kuwatia watu katika fitina, na akamtajia sura fupi kama Sabbihisma, Wash-shamsi na Wal-layli. Akamkumbusha kuwa nyuma yake wanaswali mzee, mdhaifu na mwenye haja zake. Yule mchovu hakuambiwa kwamba imani yake imepungua.

Nilikuwa naisoma Hadithi hii kama hukumu ya maimamu na urefu wa kisomo. Kumbe inamhusu yeyote aliyetangulia mwenzake hatua moja: kiongozi wa darsa, dada mkubwa wa bweni, rafiki anayemwongoza mwenzake aliyerejea kwenye swala. Katika mbio kubwa huwekwa wakimbiaji maalumu wenye bendera iliyoandikwa muda, na wengine huwafuata. Mtu huyo ana uwezo wa kwenda kasi zaidi, lakini amepewa kazi ya kufika na wenzake. Akichanganyikiwa na ngoma akaondoka kwa kasi yake mwenyewe, atafika, tena atasifiwa. Waliomwamini watabaki wametapakaa njiani.

Mtu atasema, "Basi unatuhubiria uvivu." Hapana. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba dini hii ni nyepesi, na kwamba hatashindana nayo mtu kwa ukali ila itamshinda. Kisha akatuelekeza tusaidike na mwendo wa asubuhi, wa jioni na sehemu ya usiku. Wanazuoni wameeleza kuwa huo ni mfano wa msafiri: hutembea nyakati za ubaridi na hupumzika jua linapokuwa kali, ndipo yeye na mnyama wake wafike. Msafiri huyo hajalala nyumbani, yuko njiani kila siku. Bibi Aisha (R.A.) ametupokelea kwamba amali zinazopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Kudumu si uvivu. Mimi kilomita kumi za kasi ziliniwia rahisi kuliko kilomita moja ya subira.

Tena kuna jambo la pili, la kupona. Baada ya marathon nyuzi za misuli zimechanika kidogo kidogo, na maumivu huzidi siku ya pili na ya tatu. Anayerudi kukimbia kesho yake hajengi mwili, anauongezea jeraha. Hutembea kwanza. Anakula, analala, anatembea tena, mpaka mwili wenyewe uitake barabara. Basi aliyechoka katika ibada naye asirudishwe kwa ratiba ile ile iliyomvunja, tena kwa lawama. Akirudi na faradhi zake tano, tumpokee kwa faradhi zake tano. Faradhi hazipunguzwi, na mlango wake haufungwi. Sunna zitafuata mguu ukipona.

Jumanne nilimwomba radhi kijana yule, na kwa kuwa nilimtia aibu mbele ya watu, Alhamisi nilimwomba radhi mbele ya watu wale wale. Ilikuwa nzito kuliko mlima wa kilomita ya 30. Karatasi ya ratiba niliichana. Darsa yetu sasa, mtu akijiunga, hatumpi orodha. Tunamwuliza: unafanya nini sasa hivi ambacho hujakiacha? Huanzia hapo, na huongeza kimoja tu baada ya cha kwanza kuzoeleka.

Hajarudi kwenye darsa. Sijamwuliza kwa nini, na naomba wenzangu msimwulize. Lakini Ijumaa iliyopita nilipotoa salamu nikageuka, nilimwona safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu. Mimi nilikuwa bado kwenye kiti changu.

Wewe unayesoma, mtihani uko karibu na Ramadhani nayo itafika. Ukiwa unakimbia peke yako, pima pumzi zako. Ukiwa na mtu nyuma yako, geuka umtazame kabla hujaongeza mwendo. Na ukiwa wewe ndiye uliyeachwa njiani na watu kama mimi, nakuomba radhi, na nakuomba usimhesabie Mwenyezi Mungu haraka yetu. Yeye hakalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake.

Ewe Mola wetu, usitubebeshe tusiyoyaweza, wala usitufanye sisi kuwa mzigo juu ya waja Wako. Utupe amali ndogo zinazodumu, na utufikishe pamoja. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.