Msonge na mpangilio wa nyumba

Msonge, nyumba ya asili ya Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, ni wa mviringo, umeezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ndani, kuta za matete hutenga sehemu ya wageni na sehemu ya kulala, na sakafuni hutandikwa nyasi. Zikiwa mbichi, mgeni hujua hata kabla ya salamu kwamba amekaribishwa kwa heshima.

Nje kuna kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Humo ndimo wanamozikwa wazee wa ukoo, na zamani vibanda vidogo vya kuwaenzi mizimu vilijengwa humohumo. Kwa hiyo walio hai huishi, hulima na kula jirani na waliotangulia.

Feng shui ya Wachina nayo hupanga nyumba kwa imani, ila huanzia kwenye qi, nguvu inayosemekana kupita katika mandhari. Mlango, kitanda na maji huwekwa ili nguvu hiyo isikwame wala kupotea. Kwa Wanyambo, kinacholindwa ni undugu.

Je, mpangilio wenyewe huleta baraka? Haielekei, nyumba iliyopangwa vyema yaweza kujaa ugomvi. Hata hivyo mtoto anayepita kila siku kando ya kaburi la babu yake hufundishwa wajibu bila hotuba. Huko Kaisho, wilayani Kyerwa, leo nyumba nyingi ni za pembe nne na mabati, zenye msalaba ukutani, lakini wafu bado huzikwa kibanjani.