Moyo Ukipunguza Kasi

Sepsisi huanza na maambukizi: pengine kidonda, pengine nimonia. Mwili unayapiga vita kwa fujo hadi unaanza kujiumiza wenyewe. Figo zinayumba, mapafu yanayumba, moyo nao unalegea.

Moyo ndio unanishangaza. Unapiga kama mara 100,000 kwa siku, na karibu nguvu zake zote hutoka kwa mitokondria, vijiwanda vinavyojaza takriban theluthi moja ya kila seli ya misuli yake. Kwenye sepsisi vijiwanda hivi vinakwama. Oksijeni inaweza kufika mlangoni na isitumike, kwa sababu kemikali za vita vyenyewe, kama nitriki oksaidi, zinazuia isichomwe.

Ungedhani seli zimekufa. Lakini madaktari wakichunguza mioyo ya waliofariki, seli zilizokufa ni chache mno. Na mwaka wa 1984, watafiti wa Marekani waliopima wagonjwa 20 walikuta kitu cha ajabu: waliopona ndio mioyo yao ilikuwa imelegea zaidi mwanzoni. Kufikia siku ya 10, ilikuwa imerudi sawa. Wapo wanaosema seli hizo zilipunguza kazi makusudi ili zisife. Ni nadharia, na bado inabishaniwa.

Hata hivyo inanichokoza. Mtaani, anayepunguza kasi ana jina moja tu: amefeli. Nilipoacha chuo niliitwa hivyo, na dawa niliyopewa na kila mtu ilikuwa "kaza". Sawa, lakini mwaka wa 2016, utafiti wa Uingereza ulijaribu kuwapa wagonjwa wa sepsisi levosimendani, dawa ya kuukaza moyo. Haikupunguza vifo.

Basi tupumzike tu? Hapana, si rahisi hivyo. Moyo uliolegea haulali bure. Kuna viuavijasumu vinavyopigana na bakteria, dawa zinazoshikilia presha, mashine inayosaidia kupumua, na nesi anayekesha. Ukiviondoa hivyo, mapumziko yanageuka kifo.

Ndiyo maana "jipe break" ni ushauri mtamu kwa mwenye mtu wa kumlipia kodi ya nyumba. Kwa wengine ni matusi. Ukimwona rafiki yako amelegea, usiharakishe kuamua kama ni uvivu ama ni busara. Hata madaktari na vipimo vyao vyote bado wanabishana. Kwanza uliza nani amemshikia zamu. Kama hakuna, wewe unaweza kubeba nini, na kwa siku ngapi?