Likizo ni ya Waliokomaa Tu?



Kijana mwenzangu, kuna maneno ambayo kila anayeanza kazi ameshayasikia: "Komaa kwanza, utapumzika ukishapanda." Mimi pia nimeajiriwa na nimeshaambiwa hivyo. Yaani ukiomba siku zako za likizo ukiwa bado mgeni ofisini, unaonekana mvivu. Leo tujiulize: mapumziko ni tuzo ya kupanda cheo, au ni haki ya mtu?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Marupurupu kuongezeka kadiri miaka inavyokwenda ni jambo la haki. Aliyekaa kazini miaka 15 amejenga ujuzi, amefundisha wengine, amevumilia mengi. Akiongezewa mshahara, posho ya nyumba, bima nzuri zaidi, hata siku kadhaa za likizo, anastahili. Na wewe kuyatamani hayo si dhambi. Jitume, jiendeleze, uyafikie.

Lakini mapumziko yenyewe hayaanzii kwenye cheo. Soma taratibu mwanzo wa kitabu cha Mwanzo. Mtu anaumbwa siku ya sita. Siku inayofuata ni ya saba, na Mungu anapumzika. Kwa hiyo siku nzima ya kwanza ya mwanadamu duniani ilikuwa siku ya mapumziko. Hakuwa amelima hata tuta moja! Alipewa kwa sababu ni mtu, kazi ikaja baadaye.

Kanisa limeshika mafundisho hayo. Katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II anayataja mapumziko kati ya haki za mfanyakazi: Jumapili kila wiki, na likizo kila mwaka. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hapa Tanzania Bara, inaweka angalau siku 28 mfululizo zenye malipo kwa kila mzunguko wa miezi 12. Mwajiri anaweza kuongeza juu yake, ila kiwango hicho cha chini hakiangalii cheo: karani siku 28, meneja siku 28.

Hapo baadhi ya wakongwe hukasirika: "Sisi tulisota, hawa wanakuja kula vilaini?" Ni manung'uniko yale yale ya shamba la mizabibu, Mathayo 20. Walioanza asubuhi walilipwa dinari yao kamili, hawakupunjwa kitu. Kilichowauma ni kwamba mwenzao wa saa kumi na moja naye amepata. Lakini dinari ilikuwa ujira wa siku, na huyo wa jioni naye alihitaji kula usiku ule. Njaa haiulizi uliajiriwa lini. Uchovu pia hauulizi.

Sasa tugeuze upande wa pili, maana huko ndiko kugumu. Kijana anapanda, anapata mkataba mzuri, halafu naye anaajiri dada wa kazi. Sheria ile ile inamhusu dada huyo. Je, likizo yake ni lini? Bosi wake anapanda basi kwenda Moshi kula Krismasi na wazazi, yeye anabaki kulinda nyumba. Jumapili bosi yuko kwaya, yeye yuko jikoni. Na yeye ana mama anayemsubiri kijijini.

Kumbukumbu la Torati 5:14-15 inasema jambo zito hapa. Sabato inatolewa ili mtumishi wa kiume na wa kike wapumzike sawa na bwana wao. Sababu? Waisraeli wakumbuke kuwa nao walikuwa watumwa Misri. Aliyewahi kunyimwa pumzi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuwapa wengine nafasi ya kupumua. Kupanda kazini kusikokukumbusha hilo ni kupanda kwa mshahara tu.

Wiki hii fanya mawili. Soma mkataba wako, ujue siku zako, uziombe kwa heshima bila woga. Kisha, kama kuna mtu anafanya kazi chini yako, muulize: "Mara ya mwisho ulipumzika lini?" Mpangieni tarehe, na malipo yake yasikatwe.

Ee Bwana, uliyewaita mitume wako wapumzike kidogo, utujalie kupumzika bila aibu na kuwapumzisha wengine bila uchoyo. Amina.