Mama wa Likasi, Unangoja Nini?

Unangoja mshahara? Unangoja bei ya michezo ya plastiki ishuke pale soko la Kikula?

Mtoto wako hangoji.

Mikono yake inatafuta kitu cha kushika sasa hivi, na usipompa wewe ataokota chini. Na udongo wa mji huu unaujua! Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Ubelgiji walitangaza walichopima kwenye mikojo ya Wakatanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda: kobalti nyingi kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Lile jiwe la kijani analookota linapendeza, ndiyo. Ni madini. Mnyang'anye, kisha umpe kilicho bora.

Kiko wapi? Jikoni kwako.

Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, mafuta kijiko, maji kidogo kidogo. Kanda mpaka uache kunata vidoleni. Mpe auminye, auviringe, autoboe macho kwa njiti ya ufagio. Kaa naye asiule, maana chumvi ni nyingi.

Osha chupa tatu. Tia mahindi, maharagi, mchele. Kaza vifuniko, uzungushie mpira wa baiskeli uliochakaa, kwa sababu punje ikimfikia mtoto mdogo inaweza kumkaba koo. Sasa atikise. Aseme ipi inalia kwa sauti nzito. Unadhani hesabu inaanzia wapi?

Fundi wa kushona anatupa vipande vya kitenge kila siku. Umewahi kumwomba vichache vya mtoto kuchezea?

“Sina pesa.” Nani amekudai pesa?

“Sina muda.” Na sombe inapochemka saa nzima, wewe unafanya nini?

“Sikusomea.” Mwaka 1907, katika mtaa maskini wa San Lorenzo, Roma, Maria Montessori aliwapa watoto wa vibarua vitu vya kushika na kupanga, nao wakazama kazini mpaka wageni wakaja kushangaa. Watoto wale hawakumzidi wako kwa lolote. Na wewe uliyekulia kati ya motoka za waya na wanasesere wa magunzi, unathubutu kusema hujui?

Unajua!

Anza leo jioni. Umeme ukikatika usisimame, kukanda unga hakuhitaji taa. Kesho mwite jirani wa lupango la pili aje na unga wake na watoto wake.