Deni Letu kwa Mtoto Mwigizaji

Je, mtoto aliyetuburudisha akiisha kulipwa mshahara wake, deni letu kwake limekwisha?

Mwaka 1988 Mira Nair alitoa filamu ya Salaam Bombay!, iliyotengenezwa nje ya makampuni makubwa ya filamu ya India. Watoto wa mitaani waliigiza maisha ya watoto wa mitaani. Shafiq Syed, mwigizaji mkuu, alipewa tuzo ya taifa. Baadaye akawa dereva wa bajaji huko Bangalore.

Hatusemi kwamba alidhulumiwa. Udereva ni kazi ya heshima, na filamu hiyo ilizaa shirika la Salaam Baalak Trust, linalowatunza watoto wa mitaani. Lakini mtu mzima huuza kazi yake akijua kwamba sifa hupita, mtoto hajui. Mshahara hulipa siku alizofanya kazi, wala haumtayarishi kwa siku ile watu watakapoacha kumwita.

Kwa hiyo twaona kwamba deni hili lapita fedha: ni masomo, na mtu wa kumjulia hali baadaye. Sisi nasi huwasimamisha watoto wetu waimbe na kuigiza mbele ya wageni. Basi, tukiisha kupiga makofi, tuulize pia habari za shule yao.